Msumeno Ulionguruma Bila Plagi

Kama umekuja kunisikiliza ili ukacheke huko barazani, inuka sasa hivi uende zako. Haya sikuhadithiwa. Ni yangu mwenyewe. Niliyaona wakati wa alasiri, jua kali, sina homa wala kizunguzungu, na udhu wangu wa adhuhuri ulikuwa haujatenguka. Wanaosema niliota, waulize wao siku hiyo walikuwa wapi.

Mume wangu Shomari alikuwa mpasua mbao katika misitu ya njia ya Lugoba, Mwingereza akiwa bado yupo. Kabla ya mashine alipasua kwa ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anakuwa chini shimoni. Yeye ndiye aliyekuwa wa shimoni. Unga wa mbao ulimwagikia machoni, puani, shingoni, na akirudi nilimchambua nywele kama ninayechambua mchele. Basi Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge alipofunga mizigo kwenda kwao na kuuza vyombo vyake, Shomari akachukua msumeno wa mashine. Dude zito, bapa refu la chuma limezungukwa na mnyororo wenye meno, injini ikinguruma nyani wanahama. Ulikuwa umeshatumika, lakini kwake ulikuwa kama mtoto wa kiume. Usiku aliufunika shuka. Sisi tulijifunika iliyobaki.

Ukafanya kazi vizuri tu. Halafu siku moja, katikati ya gogo la mkongo, ukakohoa, ukatoa moshi mweusi, ukazima. Kuanzia hapo ukawa wa kubembelezwa. Leo unawaka kidogo, kesho hauwaki kabisa. Na tajiri aliyenunua mbao zetu kwa ajili ya mataruma, yale magogo ya kulalia reli, alikuwa ameshasema, mvua zikianza lori lake halitarudi tena, na kibali cha msitu atapewa mwingine.

Tukakaa kikao. Kikao gani? Mimi, Shomari, na kaka yake mkubwa Mwinjuma, ambaye ndiye aliyeshika mikorosho yote ya urithi wa baba yao. Mimi nikasema, baba Zaina, nunua mpya. Na sikusema kwa mdomo mtupu. Nikamwambia lile shamba langu la minazi kule Mbegani, nililoachiwa na mama yangu, liuze.

"Mke wangu auze shamba lake ili mimi nifanye kazi?" akasema. "Watu wataniitaje?"

"Basi kaka yako atoe fungu lako la mikorosho."

Mwinjuma akacheka. "Shemeji, kitu kikiharibika kinatengenezwa. Marehemu baba alipasua kuni kwa shoka moja mpaka anaingia kaburini. Mpya wa nini? Watu mmeanza kujiona Wazungu."

Shomari akainamisha kichwa. Kaka yake akizungumza alikuwa anainamisha kichwa tangu utoto, ndivyo walivyolelewa. Ikaamuliwa utengenezwe.

Utengenezwe na nani? Hilo hakuna aliyelijibu. Shomari akaifungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, akanipa nikaitafutie mwenzake Bagamoyo mjini, kwani yeye hakutaka kuacha kambi na mbao peke yake. Nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikapanda lori la mkaa. Mwenye duka la vipuri aliigeuza geuza, akaipeleka kwenye mwanga, akanirudishia. "Mama, nisikudanganye. Plagi hii haiji tena. Na hata ningekuwa nayo, imeungua hivi kwa sababu injini yenyewe imekufa ndani. Mwambie mzee anunue mwingine." Nikamshukuru. Huyo ndiye mtu pekee aliyesema ukweli katika jambo lile lote, na hakuwa ndugu yetu.

Siku ya pili yake nikarudi. Lori likanishusha njia panda, nikaingia msituni kwa miguu. Nilikuwa natembea nikipanga maneno ya kumwambia, safari hii nisikubali kujibiwa na Mwinjuma. Na hapo ndipo nikausikia.

Msumeno. Unanguruma, tena mfululizo, hauna kikohozi, kama siku ile ya kwanza ulipoletwa.

Nikasimama. Nikashika pindo la kanga. Plagi ilikuwamo. Nikaifungua nikaiangalia, hii hapa kiganjani, nyeusi, imeungua. Niambie wewe, injini itawakaje bila plagi? Nikajituliza, labda amepata nyingine kwa msafiri. Labda ni mashine ya watu wengine. Wallahi nilikuwa natafuta labda nyingi nyingi.

Nilipofika kambini nilimwona mume wangu amesimama juu ya gogo la mkongo, anakata. Kando yake, juu ya kisiki, ameketi mzee mmoja nisiyemjua. Kanzu nyeupe, kofia ya kiua, mikono ameiweka magotini. Sasa sikiliza vizuri. Ile kanzu haikuwa na doa. Mtu ametoka kutengeneza injini, hana hata tone la grisi kwenye kucha! Nikatazama chini ya msumeno. Meno yanazama kwenye mti, mti unafunguka, na chini hapadondoki kitu. Hata punje ya unga wa mbao. Majani makavu pale chini yalikuwa safi kama yamefagiliwa. Wala harufu ya petroli haikuwapo. Na pale ubavuni mwa injini, mahali pa plagi, tundu lilikuwa wazi. Lilikuwa linanitazama.

Nikatoa salamu. Shomari hakuitikia, labda kwa ajili ya kelele. Yule mzee akageuka. Alikuwa mkubwa kuliko babu yangu mzaa mama, macho yameingia ndani, mashavu yamekauka. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini ambayo niliisikia waziwazi katikati ya kelele zile:

"Shikamoo."

Mzee wa umri ule, ananiamkia mimi! Mdomo wangu ulitaka kuitika wenyewe, maana tumefundishwa hivyo tangu tunanyonya. Sikuitika. Akasubiri, akatabasamu kidogo, akainuka akaenda zake msituni. Mwezi ule ulikuwa wa kiangazi, majani yamekauka, ukikanyaga yanalia kama karatasi. Chini ya miguu yake hayakulia.

Shomari akazima mashine. Uso wake uling'aa kwa furaha.

"Mama Zaina, umeona? Umepona!"

"Yule ni nani?"

"Fundi. Amepita tu njiani. Ameuwekea mkono, basi, ukawaka."

"Ulimwitika?"

"Niliitika nini?"

"Alipokuamkia, baba Zaina. Ulimwitika?"

Akanishangaa. "Mtu akikuamkia humwitiki? Nilisema marahaba."

"Na malipo?"

"Hataki kitu. Amesema malipo yamo kwenye kazi yenyewe."

Nikamwonyesha plagi. Nikamwonyesha tundu. Akatazama, nikaona hofu ikipita usoni mwake, niliiona kabisa, halafu akaifukuza. Akasema mafundi wana mambo yao. Nikamwomba tuutupe baharini. Nikalia. Akaniuliza, tukiutupa, arudi shimoni? Wewe ungemjibu nini?

Msimu ule alikata mti kama watu kumi. Mbao zikajaa kambini, lori likawa linakuja na kuondoka. Mwinjuma akaja kutembea, akapapasa zile mbao, akaniambia, "Unaona shemeji? Ungeuza shamba lako bure." Akachukua mbao za milango yake, akaenda.

Na mume wangu akaanza kupungua. Kwanza kifua kilimkauka. Halafu akawa anakohoa usiku kucha, kikohozi kisichotoa kitu. Halafu kikatoa. Asubuhi moja nilichukua kitambaa chake nikafue, nikadhani ni damu. Haikuwa damu. Ilikuwa unga mwekundu, mkavu, laini, wenye harufu ya mkongo uliokatwa sasa hivi. Nikauweka kiganjani nikausugua. Niamini, mimi nilimchambua mtu yule nywele miaka mingi, unga wa mbao naujua.

Hospitali wakasema mapafu, ni kazi ya shimoni ile ya zamani. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaja akamsomea, akatoka nje ameshika ukuta. Shomari mwenyewe alikuwa ananiambia, "Nikipata nafuu nitauacha." Kukipambazuka namkuta ameshaondoka, nasikia ngurumo. Hakuwa tena na nguvu ya kubeba hata ndoo, lakini msumeno ule aliubeba.

Alifariki kabla ya mvua. Waliomwosha hawakutaka kusema neno. Mmoja wao, mtu mwenye imani yake, nilimbana baada ya hitima, akaniambia maji yalikuwa yanatoka mekundu hayaishi, na walipomgeuza unga ulitoka puani, ikabidi wafagie. Akaniomba nisimwulize tena.

Nikiwa bado edani, Mwinjuma akaja kuchukua msumeno. Mali ya ndugu yake, akasema. Nikamwambia kutokea nyuma ya pazia, shemeji, uache, utupe, uzike. Akauchukua. Haukuwaka. Wakauvuta kamba wanaume watatu, kimya. Ndipo wakaona tundu la plagi liko wazi, wakaja kuniuliza, nami nikaitoa nikawapa, nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe. Unajua Mwinjuma alisema nini? Alisema basi mchawi ni mimi. Nimeificha plagi, nimemkausha mume kwa sababu alikataa kuuza shamba langu. Kukataa kwake, kosa likawa langu! Maneno yakaenda mpaka Vigwaza. Kijana aliyemposa binti yetu Zaina akarudisha neno kupitia kwa shangazi yake, kwamba hawaoi nyumba ya uchawi. Zaina hakunilaumu, lakini kwa muda mrefu hakukaa kunisuka nywele.

Na mimi nakwambia jambo moja tu kuhusu Mwinjuma, halafu ninyamaze. Mbao za marehemu zilizobaki kambini aliziuza. Mvua zilipokwisha akaenda Dar es Salaam, akarudi na msumeno wa mashine mpya, bado una karatasi ya dukani. Akaajiri watu. Akazeeka vizuri, akanenepa, akafa kitandani mwake amezungukwa na wajukuu. Hakuna kilichompata. Kila nilipousikia ule mpya ukinguruma salama, na unga wake ukimwagika chini kama unavyotakiwa, niliingia ndani nikafunga mlango.

Basi, mwanangu, ukienda zako, nenda na hili. Chombo chako kikifa, wakakuambia watu wenye uwezo wa kukusaidia kwamba kitengenezwe tu, waulize fundi ni nani. Wakinyamaza, kiache kife. Na mzee usiyemjua, mkubwa kuliko wewe, akikuamkia njiani mchana kweupe, usiitike. Watakuita huna adabu. Waache waseme. Mume wangu alikuwa na adabu kuliko wote.