Kiungo cha Kumi na Nne Kwenye Mfereji wa Suez

Nilikwenda Misri kutafuta saini moja. Wanaonifahamu hapa Kikwe wanaijua kazi yangu: nafunga mitambo ya gesi ya samadi. Miaka kumi na sita nimeifunga kwenye mazizi ya watu kuanzia hapa hadi Kikatiti, na mikono yangu inanuka samadi hata Jumapili. Kisha chuo kimoja cha ufundi pale Arusha mjini kikaanzisha somo la haidrojeni, gesi inayoendesha vyombo bila kutoa moshi, kikawa kinatafuta mtu wa kulifundisha. Nikasoma miezi minane, nikafaulu. Likabaki sharti moja tu. Nifanye kazi kwenye chombo kinachotumia gesi hiyo, na mhandisi wake atie saini kwenye kitabu changu cha kazi kwamba naweza kuachiwa bomba bila kusimamiwa. Bila saini hiyo, hakuna kazi. Nina miaka arobaini na saba, na sikuona nafasi kama ile ikinijia tena.

Chombo kilichopatikana kilikuwa boti ya majaribio inayozunguka bahari, na wiki hiyo ilikuwa inapita Mfereji wa Suez. Chuo kikanilipia nauli.

Siku ya kuondoka, saa tisa alasiri, jirani alinipakia kwenye pikapu yake kunipeleka uwanja wa ndege wa KIA. Mume wangu, Baba Nuru, alishika mlango wa gari akakataa kuufunga.

“Mama Nuru, wewe unajua kuogelea?”

“Sijui.”

“Sasa?”

“Siendi kuogelea. Naenda kukagua mabomba.”

Hakucheka. Mimi pia nilikuwa najikaza tu. Kati ya Kikatiti na KIA nilifungua mkoba mara nne kuangalia kama pasipoti ipo. Jirani akaniambia nikiifungua tena itachoka kabla ya kufika.

Kutoka KIA tuliruka hadi Addis Ababa, na kutoka hapo hadi Cairo. Sikulala hata kidogo. Kila ndege ilipotikisika nilishika mkono wa kiti, na mara moja nilishika mkono wa abiria wa pembeni, ambaye alikuwa mstaarabu akaniachia.

Suez niliingia siku ya pili, mchana, baada ya barabara ndefu ya jangwani. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza maishani kupitia uzio wa bandari, na sikuipenda. Ilikuwa kubwa mno kwa kitu kinachotikisika.

Mhandisi wa boti alinisubiri getini. Anaitwa Zuhura, mtu wa Tanga, na nadhani hajafika miaka thelathini na tano. Aliinama kidogo akanishika mkono.

“Shikamoo mama. Karibu. Umechoka?”

“Marahaba mwanangu. Nimechoka, lakini nionyeshe hiyo boti kabla sijakimbia.”

Boti yenyewe ilikuwa matumbo mawili membamba yaliyounganishwa kwa juu, na paa lote limejaa sola. Zuhura alinieleza taratibu. Umeme wa jua unayagawa maji, haidrojeni inatoka, inasindikwa kwenye mitungi. Jua likipungua, gesi inaingia kwenye mtambo unaoirudisha kuwa umeme, na umeme unazungusha mota. Moshi hakuna. Kinachotoka nyuma ni maji, yanadondoka tone kwa tone. Niliyakinga kiganjani, na kwa mara ya kwanza tangu nyumbani nikafurahi kwamba nimekuja.

“Kazi yako ni hii,” akasema. “Kuna viungo kumi na vinne vya bomba. Kila asubuhi kabla ya kuondoka, kila kiungo unakipaka povu la sabuni. Povu likitoa mapovu mapya, kinavuja. Lisipotoa, unaweka tiki. Mimi sirudii kukagua nyuma yako. Nikirudia, hutakuwa umefanya kazi peke yako, na sitaweza kusaini.”

Asubuhi ya siku ya tatu nilianza saa kumi na mbili. Viungo kumi na vitatu nilivipaka povu kama nilivyofundishwa, navitazama huku nahesabu hadi sitini. Cha kumi na nne kiko nyuma kabisa ya boti, chini ya kifuniko cha sitaha, na kukifikia lazima ulale kifudifudi kichwa kikiwa chini. Nilipofika hapo chupa ya povu ilikuwa imekwisha. Wakati huohuo rubani wa mfereji, mtu anayeongoza vyombo kupita humo, Mmisri mmoja mnene mwenye tabasamu, alikuwa anapanda, na nahodha akapiga kengele ya kuondoka. Nikaingiza kichwa, nikanusa pale kwenye kiungo. Hakuna kitu. Nikatoka, nikaweka tiki.

Saa nne tulikuwa ndani ya mfereji. Watu wa nyumbani, msifikirie mto. Ni maji yaliyonyooka, ukuta wa mawe huku na huku, na meli za makontena zinatangulia mbele zikiwa ndefu kuliko mtaa mzima wa Kaloleni pale Arusha. Mkono wa kulia ni mchanga mtupu hadi macho yanapoishia. Mkono wa kushoto ni kijani: mitende, mashamba, punda, watu wameinama kwenye majani ya mifugo. Sisi tulikwenda kimya, bila mngurumo wa injini, na wavuvi wa pembeni walisimama kututazama. Zuhura alipita na kitabu changu mkononi.

“Tukifika Ismailia jioni nasaini, mama. Kazi yako safi.”

Muda si mrefu upepo ukageuka, ukaleta harufu ya samadi kutoka kwenye mashamba. Ng’ombe walikuwa palepale kando ya maji. Nikavuta pumzi kwa raha, nikajiambia kumbe hata Misri ni Kikwe. Nikaanza kucheka, kisha nikaacha.

Gesi ya samadi inanuka kama yai viza. Haidrojeni hainuki kabisa. Nilikuwa nimeandika jambo hilo kwenye mtihani na kupewa alama zote. Na asubuhi ile nilikuwa nimenusa kitu kisicho na harufu, nikaandika kwamba ni salama.

Niliingiwa na hofu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nikaenda kutazama geji ya presha ya gesi: mshale ulikuwa umeshuka. Lakini tulikuwa tunatumia gesi, lazima ushuke. Umeshuka kiasi kinachostahili au umezidi? Nikarudi baada ya dakika tano, nikarudi tena. Vitambuzi vya gesi vilikuwa kimya, lakini viko ndani, na kiungo kile kipo nje kwenye upepo. Nikajiambia upepo unaipeperusha, haina shida. Nikajiambia nikifika Ismailia nitakipaka povu kimyakimya. Nikajiambia mengi.

Karibu saa sita rubani alimgeukia Zuhura, akamwonyesha pakiti ya sigara, akainua nyusi kuuliza. Alikuwa mtu wa adabu, alitaka ruhusa kwanza.

Zuhura akamwonyesha nyuma ya boti. “Kule nje kwenye upepo hakuna tatizo,” akamwambia kwa Kiingereza. “Viungo vyote vimekaguliwa leo.”

Rubani akamwachia nahodha kazi ya kutazama njia, akaenda zake nyuma, akasimama juu ya kile kifuniko hasa. Akatoa kiberiti cha gesi.

“Usiwashe!” nikapiga kelele, kwa Kiswahili, huku nakimbia. Nilimshika kifundo cha mkono. Mzee wa watu akabaki ameduwaa, sigara mdomoni.

Zuhura alinifuata. “Mama, kuna nini?”

“Cha kumi na nne sikukipaka povu. Lilikwisha. Nilikinusa.”

“Ulikinusa?”

“Nilikinusa, mwanangu.”

Alimwomba rubani arudi mbele, akachanganya povu jipya, akalala kifudifudi mwenyewe. Mimi nilipiga magoti pembeni yake. Tukahesabu pamoja hadi sitini, tukarudia. Povu lilikaa vilevile. Kiungo kilikuwa kizima.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini nitasema ukweli: kabla sijainuka, nilishajuta. Kama ningefumba mdomo, rubani angevuta sigara yake, sote tungefika, na saini ningeipata.

Ismailia tuliingia jioni. Zuhura aliketi mbele yangu, akachora mstari juu ya tiki yangu, akaandika pembeni: *hakikukaguliwa.*

“Lakini kilikuwa kizima,” nikasema.

“Wewe ulijua?”

“Sikujua.”

“Basi siwezi, mama, hata ukivikagua vyote kesho. Unisamehe.” Akafunga kitabu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na yangu pia. Kesho yake asubuhi alinigongea akanipa chupa mbili za povu. “Shikamoo mama. Viungo vyako vinakusubiri.” Nilivikagua vyote kumi na vinne, sehemu ya mfereji iliyobaki ikapita, na Port Said nikashuka na kitabu kisicho na saini.

Kwenye ndege ya kurudi nililia chooni hadi mhudumu akagonga. Chuoni Arusha mkuu alinisikiliza vizuri, akanipa soda, akasema watatafuta mtu mwingine. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi.

Nyumbani nilifika saa moja jioni. Loshoro ya mahindi na maziwa mgando ilikuwa jikoni inachemka, na Baba Nuru anaikoroga. Nilimsimulia yote bila kuficha, nikamalizia na nilichojifunza: kwamba woga wangu wote niliuweka kwenye ndege na kwenye maji, mahali ambapo sikuwa na kazi, na pale kwenye kazi niliyoizoea sikuogopa hata kidogo.

Aliendelea kukoroga. Kisha akautazama moto chini ya sufuria, akaufuata mpira wa gesi kwa macho hadi ukutani.

“Na hili jiko letu, ulipolifunga, ulilikagua kwa povu?”

Ningeweza kusema ndiyo. Ni miaka tisa, nani anakumbuka.

“Kwa pua,” nikasema, “nayo imeshazoea samadi.”

Baba Nuru akaweka mwiko chini, akanyoosha mkono, akafunga koki inayolisha jiko na taa. Tukakaa gizani tukiwa na njaa, loshoro haijaiva.