Filme Imemzika Mume Wangu, Mimi Bado Sijamzika

Admin, ukiliweka hili ficha jina langu, na kijiji usikitaje, huku tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nina mtoto mmoja wa kike, nakaa upande wa Kionga, huku Msumbiji, na mama mkwe wangu. Mkiniuliza kama nina mume au ni mjane sina jibu, na hilo ndilo lililonileta kwenu.

Vita vilipofika Palma tulikimbia mimi, mume wangu, mama yake, na mtoto nimembeba mgongoni. Tulipofika kwenye mikoko mama akakumbuka kasahau dawa zake za presha. Mume wangu akasema, "Kaeni hapa hapa, naja sasa hivi." Hakurudi. Hakuna aliyeiona maiti yake, wala aliyemwona hai. Tulivukia mpakani Namoto tukaenda kukaa Tanzania, tukarudi, tukauliza kila tuliyemjua. Mwalimu wa msikiti akasema hitima haisomwi kwa kudhani, tusubiri. Tukasubiri. Nalima mhogo, nauza maandazi, nikisalimiwa naitika. Kulia siwezi tena, na si ushujaa, machozi hayaji tu.

Mwaka jana wakaja watu wa filme, wanataka kuonyesha yaliyotupata. Kiongozi wao dada mmoja wa Maputo, mpole, anaongea Kireno, na kijana wa Pemba, hii yetu ya Msumbiji, ndiye anayemfasiria. Mgeni njoo mwenyeji apone, tukawakaribisha. Niliwasimulia yote mpaka pale kwenye mikoko. Aliyelia ni yule dada, mimi nikampa maji. Mwisho akauliza, "Kama alikufa, ungependa iwe vipi?" Swali gani hilo! Lakini nikamjibu: ningependa awe ameokotwa na Waislamu wenzake, wakamwosha, wakamvika sanda, wakamswalia.

Mwezi uliopita wamerudi, filme imekwisha. Wakaionyesha kwanza kwetu uani, kompyuta wameiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, majirani tele. Yule kijana aliyemwigiza mume wangu akapigwa risasi njiani. Wakaja wavuvi wakamwokota, wakamwosha, wakamvika sanda, wakamswalia, wakamzika kwenye minazi. Kila nililolitamani wamelifanya, halijapungua hata moja.

Mama mkwe akapiga ukelele. "Mwanangu! Wamemsitiri mwanangu!" Wanawake wakamshika, uani kukawa msiba mtupu. Jirani yangu akanikumbatia, akaniambia, "Makiwa, shoga yangu." Mdomo wangu ukaitika wenyewe. Wallahi sikuhisi kitu. Nilikuwa nawaza kama unga wa maandazi ya kesho utatosha.

Asubuhi nikamwuliza yule kijana anayefasiri, "Kaka, mume wangu hakuzikwa. Hilo kaburi mmelitoa wapi?"

"Dada, ile ni hadithi, lazima iwe na mwisho. Watu hawawezi kuachwa hivi hivi."

"Mbona mimi nimeachwa hivi hivi?"

Akaenda kuongea na dada yule, akarudi na jibu: nikikataa, maziko yote yatakatwa, filme itaishia pale mume wangu aliposema anakuja sasa hivi. Nikikubali, itaonyeshwa Palma, Pemba, mpaka nje ya nchi. Wananisubiri mimi.

Nikawa nimeshaamua wakate. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, wale ni waigizaji. Yule kijana aliyezikwa yu hai, alikunywa chai hapa hapa kwetu."

Akaniambia, "Najua, mwanangu, sijawa mwehu. Lakini ni mimi niliyemtuma zile dawa. Miaka yote hii nikifumba macho naona mbwa wanamla. Sasa nikilala naona anaoshwa. Ukiikata ile, umemfukua mwanangu."

Tangu tulipotoka kwenye mikoko hajawahi kuzitaja dawa zile kwangu kwa kinywa chake, na siku ile alizitaja. Sasa analala, anakula, hata rangi imemrudi. Anataka hitima isomwe nami nikae eda. Mwalimu bado anashikilia kuwa filme si shahidi, lakini majirani washaanza kuniita mjane, na wengine wananiambia nishukuru, mume wangu kapata maziko mazuri.

Lililobaki ndilo linaloninyima usingizi. Mtoto wangu alikuwa mchanga tulipokimbia, baba yake hamkumbuki, na picha zote ziliungua pamoja na nyumba. Wale watu wa filme walimwachia picha ya yule mwigizaji. Juzi nikamkuta anawaonyesha wenzake: "Huyu ndiye baba yangu." Nikamwambia, siye. Akanitazama, akauliza, "Haya, baba yangu ana sura gani?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaanza na macho, nikaenda kwenye pua, na kila nilichokitaja kilikuwa cha yule mwigizaji. Nikafumba macho nimtafute mume wangu mwenyewe. Akaja yule yule mwigizaji, kavaa shati la mume wangu. Hapo ndipo nilipohisi kitu, mara ya kwanza kwa miaka mingi, na kilikuwa hofu.

Watu wa filme wanarudi baada ya Ijumaa kuchukua jibu. Nikisema wakate, mama wa watu atarudi kwa mbwa wake. Nikisema waache, pwani nzima itamjua mume wangu kwa sura ya mtu mwingine, na mimi nitakuwa mmoja wao. Ndugu zangu, nipeni shauri, niwajibu nini? Na nyie mliopotelewa kama mimi, naomba mniambie ukweli: sura zao bado mnaziona?