Damu kwenye Kitenge cha Nyokabi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwa dobi mmoja pale Thika, supavaiza hakuniuliza hata jina. Alinirushia aproni ya mchinjaji, akasema, "Hii utaifua na maji gani?"

"Ya baridi."

"Nani alikufunza?"

"Mama."

"Basi kaa."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi, mimi msichana kutoka Bungoma. Nilitembea kwa maringo wiki nzima!

Nyinyi wa mashine mnisikie. Damu ikikutana na maji moto inaiva kama yai, na ikishaiva imehamia. Unailoweka kwa maji baridi yenye chumvi, kisha unaisukuma kutoka nyuma ya kitambaa, irudi ilikotokea.

Baadaye nilihamia chumba cha kufulia cha hospitali. Meneja wetu alikuwa mkali, lakini alijua kazi. "Shuka jeupe litakusamehe," alituambia, "nguo ya maua haisamehi." Alitufunza kujaribu pindo kwanza kwa kitambaa cheupe chenye maji: rangi ikihamia, unapunguza sabuni, na haraka pia unaipunguza. Na kusugua maua, ng'o! Unagonga kwa kidole. Mwishowe nikafungua chumba changu Ruiru, upande wa Mugutha, nikafua hapo hadi nikazeeka.

Jumamosi yangu ya mwisho kazini, niliitwa mbio kwa jirani. Ilikuwa siku ya ruracio, wakwe wanaleta mahari, na walikuwa njiani kutoka Juja. Bibi harusi, Nyokabi, alikuwa ametokwa na damu puani, ikamwagikia kifuani mwa gauni. Kitenge chenyewe si cha kwenda kununua kingine. Mamake alikichagua, akakiweka sandukuni, akafariki kabla hakijashonwa.

Nikamkuta shangazi yake, tunayemwita Tata, ameinua birika.

"Tata, weka hiyo chini!"

"Lakini imechemka vizuri..."

"Ndiyo maana! Weka chini."

Nyokabi alikuwa amejifunga leso, analia. "Mama Nafula, sina kitu kingine cha mum."

"Lia ukiangalia kando, mama. Usiniongezee maji kwa beseni."

Nikajaribu pindo. Woi, bluu ikaanza kutoka. Nikamwaga maji, nikaweka mengine baridi zaidi, chumvi ya kutosha, sabuni ya kipande kidogo tu kwenye ncha ya kidole. Nikagonga. Nikasuuza. Nikagonga tena. Nje honi zikaanza, wageni wakaimba langoni wafunguliwe.

"Tupige pasi basi!" Tata akasema.

"Pasi ni moto pia. Ngoja."

Nikalipeleka gauni juani, nikaligeuza ndani nje, nikatazama kila ua. Bluu ilikuwa bluu, njano ilikuwa njano. Damu haikuwepo. Nikapiga kelele peke yangu uani kama mtu aliyefunga bao. Haiya! Hapo ndipo nikawaambia walete pasi.

Nyokabi alipotoka, wanawake walipiga vigelegele mpaka wakwe wakasahau wimbo wao. Baba yake, mzee asiye na maneno, alisimama. Akashika ukingo wa mkono wa lile gauni.

"Mama yako alijua kuchagua," akasema.

Mimi nilistaafu pale pale, mikono ikinukia sabuni, na sijatamani siku nyingine ya kazi tangu hapo.