Mvua ya Siku Saba Zinazolingana

Kwa miaka kadhaa, kila Jumatatu, mimi na Mfini tuliyefanya naye kazi tulionana kwa simu ya video, yeye kwao Ufini, mimi ofisini Kisian, kando ya ziwa. Yeye alikuwa na kompyuta kubwa za kubashiri mafuriko ya ziwa. Sisi tulikuwa na mvua. Tulipimiwa mvua hiyo na majirani, na mpimaji niliyempenda kuliko wote alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Nyalenda, muuza mitumba soko la Kibuye, aliyesoma kipimamvua uani kwake kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni.

Mwanzoni Mfini alinikera, wacha tu! Akitokea kwenye skrini, "Faili iko wapi?" Hata hujambo hakuna! Nikamwambia wazi: kwetu mtu husalimiwa, watu wa nyumbani wakaulizwa, ndipo kazi. Akashika somo, mpaka akawa anauliza goti la mamangu linaendeleaje.

Halafu Jumatatu moja akasema vipimo vya Nyalenda vina kasoro. Siku saba mfululizo, mvua ileile, hadi nukta. Wenzake walitaka kituo kile kiondolewe. Nilielewa papo hapo, aibu ikanishika. Mama wa Nyalenda hakuwepo nyumbani, akarudi akakuta maji ya wiki nzima kwenye kipimamvua, akaona vibaya kutuachia nafasi tupu, akayagawa kwa saba. Nikaanza kumtetea kwa ukali, kumbe hakuna aliyemshambulia.

"Pole," Mfini akanikatiza. "Ziko wiki nne za namna hiyo. Ni nani waliofariki?"

Jameni! Ni mara ngapi nilikuwa nimemwambia sitakuwa kazini wiki nzima, niko matangani? Nilidhani yanampita. Nilimpenda sana siku ile.

Akasema jumla ya kila wiki bado ni ya kweli, ataitumia hiyo, na kituo kitabaki. Ila wenzake watataka maelezo. Mchana nikaenda Nyalenda na karatasi za vipimo vile.

Mama hakujitetea. Aliweka kidole kwenye wiki ya kwanza: dada yake. Ya pili, shemeji. Ya tatu, mama mkwe. Ya nne, akaisogeza karatasi karibu yangu.

"Huyu ni bwanangu," akasema. "Andika jina lake vizuri, huko wasikosee."

Nikaliandika. Jumatatu iliyofuata Mfini alilisoma kwa sauti, polepole, akarudia mara tatu, akaniuliza kama amelitamka sawasawa.