Yasinta na Wadudu Wala Rangi

Mchezee Yasinta kwa lolote, usimchezee kwa usafi. Ukifika kwake hapa Mtinko unavua viatu, hata kama sakafu ni ya udongo. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa tangi la maji machafu kwenye kiwanda kidogo cha rangi za vitambaa. Maji yanaingia mekundu kama juisi ya rozela. Humo tangini wanaishi wadudu wasioonekana kwa macho, kazi yao kula rangi, na maji yanatoka meupe kwenda lamboni, anakonyweshea ng'ombe mzee Mughwai. Harufu ya tangi sasa, usiseme.

Ikatangazwa kuwa wageni wanakuja kukagua. Yasinta akaona haya. Mgeni akaribishwe kwa uvundo? Akamimina tangini madumu mawili ya dawa ya kuulia vijidudu chooni. Harufu ikakata, akalala na furaha yake.

Asubuhi ya wageni akakuta maji yanayotoka ni mekundu vilevile. Maskini, akaelewa amefanya nini. Akakimbilia koki, akaifunga kabla hayajafika lamboni.

Meneja Anselm akaja na wageni, anatabasamu.

"Yasinta, fungua waone maji yetu."

Kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mama yake mgonjwa. Lakini kule chini ng'ombe walikuwa wameshainamisha vichwa lamboni.

"Sifungui, baba. Wadudu wamekufa. Nimewaua mimi kwa dawa ya choo."

Mgeni mmoja alicheka. Anselm hakucheka, aliagiza mitambo izimwe, akamwambia Yasinta habari ya kazi yake wataongea Jumatatu.

Yasinta akateremka lamboni mwenyewe, moyo mzito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akamweleza yote, bila kujitetea. Mzee akatazama mifugo yake inavyokunywa.

"Mimi nilijua ninyi wa kiwandani mnatuua tu," akasema. "Hata wajukuu zangu niliwakataza kukuamkia. Sasa wadudu wengine wanapatikana wapi?"

"Mbegu yao iko kwenye mavi mabichi ya ng'ombe."

"Basi twende zizini."

Yasinta akachota mavi hadi karai likajaa, mikono ikachafuka mpaka kwenye viwiko. Wajukuu walisimama mlangoni mwa zizi wakimtazama. Mzee akawageukia.

"Mwamkieni shangazi yenu."

Wakamwamkia wote kwa pamoja. Yasinta akaitikia, machozi yakamtoka.