Jicho Langu na Ngamia wa Adeer

Mwenzenu nimeaibika Garissa nzima. Binamu yangu aliye ng'ambo aliniletea kamera ya boksi la karatasi, ile unayopiga filamu moja tu, kisha mwenye studio anaivunja kutoa filamu. Subhanallah! Nyepesi kama pakiti ya biskuti, na inabeba dunia!

Nikaenda nayo Balambala kwa adeer, ndugu wa baba. Ngamia wake alikuwa amezaa, na adeer hakutaka mtu amkodolee macho mnyama huyo. Anaogopa jicho baya.

"Hii haina jicho, adeer," nilimwambia kwa maringo ya mtu wa ofisini. "Ni karatasi tu."

Akakubali. Nikachungulia kwenye tundu, na wallahi ngamia alinijia karibu mpaka nikaona kope zake. Nilistaajabu, nikabonyeza mpaka filamu ikaisha.

Jana adeer alikuja mjini, tukafungua bahasha ya picha pamoja pale studio. Ngamia hakuna. Kumbe kamera niliishika nyuma mbele! Kila picha ni jicho langu na nusu pua, jicho lenyewe limetoka pima.

Adeer alizitazama zote, polepole.

"Ulisema haina jicho," akanong'ona. "Sasa hili la nani?"