Mwanamume Aliyeupita Uji Wangu

Mjukuu wangu anauza taa za jua. Juzi alikuja na karatasi za watu wawili wanaofundisha kuuza. "Bibi, nimchague yupi?" Nikamwambia mimi niliishia darasa la pili, lakini mwalimu wangu wa kuuza nilimchagua mwenyewe, na sijutii.

Wakati ule sukari ilikuwa ya mgawo. Nilikuwa nimeachika. Binti yangu nilimwacha kwa mama, kwetu Samuye, nikaenda Nyarugusu kuwauzia wachimba dhahabu uji wa mtama wenye ukwaju. Kaka yangu alisema wazi: "Mtama ukivunwa hujaweza kujilisha, nakuja kukuchukua. Yupo mwenye ng'ombe anakutaka." Huyo mwenye ng'ombe hakutaka kumwona mtoto wa mwanamume mwingine. Kwa hiyo kila kikombe nilichouza, nilikuwa namvuta mwanangu hatua moja aje kwangu.

Ila hawakunywa. Na uji ulikuwa mzuri, sisemi kwa majivuno. Basi, nasema kwa majivuno: ulikuwa mzuri! Sufuria ilibaki nusu kila siku. Jirani yangu muuza vitumbua akaniambia, "Umekaa kama umefiwa. Nenda Kahama kwa yule mzee wa kanga akufundishe kuita watu."

Nikaenda. Mzee alikuwa mkarimu, akanikalisha dukani kutwa nzima. "Sema, mwanangu. Kitu kisichotajwa kinaoza." Niliporudi nikasema mpaka sauti ikakauka. Wachimbaji wakacheka, wakapita.

Ndipo nikafikiri: yule mzee anawajua wanunua kanga. Wanaoukataa uji wangu, nani anawajua? Alikuwepo mchimbaji mmoja, mtu mzima wa Kigoma, aliyekunywa kwangu mara moja tu. Tangu hapo akifika kwangu anageuza uso kama ameona nyoka. Nikamchagua huyo awe mwalimu wangu.

"Kaka, simama. Uji wangu una nini?"

"Hauna kitu, mama. Mtamu."

"Mbona unanikimbia?"

Akatazama katambuga zake za matairi. "Unapiga magoti."

Nikashangaa. Mimi Msukuma, nimpe mwanamume chakula nimesimama kama mlingoti? Watasema nimelelewa na nani?

"Mke wangu ananipa uji hivyohivyo," akasema. "Mwaka wa tatu huu sijafika nyumbani. Ukipiga magoti namwona yeye, halafu nashuka shimoni miguu inatetemeka. Na shimoni huendi na mawazo ya nyumbani, utafukiwa. Wenzangu nao ni hivyohivyo, ila hawatakwambia."

"Sasa nifanyeje?"

"Asubuhi tupe umesimama, tutanie kidogo, twende zetu. Jioni tukitoka salama, hapo piga magoti."

Kusimama kulinishinda kuliko kuita. Siku ya kwanza magoti yalikuwa yanajikunja yenyewe, nikayakaza. "Shika, mvivu wewe, wenzio wameshashuka!" Yule wa Kigoma akacheka, akanywa, na nyuma yake wakaja wengine. Jioni nikaweka maji ya kunawa, nikapiga magoti, nikawaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila." Hapo hakuna aliyekuwa na haraka. Mmoja alikaa na kikombe mkononi mpaka uji ukapoa, machozi yanamtoka, nami nikajifanya nachochea moto. Yule wa Kigoma mwenyewe hakumaliza msimu. "Mama, umeniponza," akaniambia, na kesho yake akapanda basi kwenda kwa mkewe. Nilipoteza mteja, nikafurahi.

Mtama ulipovunwa kaka akaja kama alivyoahidi. Alifika asubuhi, watu wamenizunguka. Nikampa kikombe nimesimama. Akanikodolea macho.

"Ndiyo nini hii?"

"Kaa pembeni, kaka. Wanaokwenda kazini kwanza."

Akakaa. Akanywa. Akaomba cha pili. Habari za mwenye ng'ombe hakuzitaja tena, na wiki iliyofuata alirudi na binti yangu, amevaa gauni linaloburuzika chini, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwekea maji kwenye karai. Kabla sijamaliza kumwosha mguu wa pili, alikuwa ameshalala begani kwangu.